Ng'ombe wa Maskini na Hesabu za Maprofesa

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Mwalimu wetu alipotufafanulia methali hiyo katika muhula wa kwanza, darasa zima lilicheka. Mimi nilinyamaza, maana ng'ombe wa baba yangu alizaa kwa kisu.

Aliitwa Bihogo, jina ambalo kwetu Ankole hupewa ng'ombe mwenye rangi nyekundu iliyoiva. Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu. Kama wafugaji wengi wa Isingiro, baba alikuwa ameshawishika kwamba mbegu ya Friesian ingempatia ndama wa maziwa mengi, kwa hiyo alimwita mtaalamu wa uhimilishaji, yaani yule anayempandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija badala ya kumpeleka kwa fahali. Mtaalamu alikuja kwa pikipiki, mtungi wa nitrojeni umefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Alifanya kazi yake kwa dakika chache, akalipwa, akaondoka. Miezi minne baadaye mchungaji wetu alimwona Bihogo amesimama akipandwa na ng'ombe wenzake. Baba akasema mbegu haikushika. Alikuwa amesubiri sana, ada za shule zilikuwa zinadaiwa, na Bihogo alikuwa na tabia ya kukawia kupata mimba tangu zamani. Akaamua kwamba amekuwa tasa. Akamwuza mnadani kwa bei ya nyama.

Machinjio hayako mbali na kwetu, na habari zilifika nyumbani kabla ya jua kutua. Ndani ya tumbo mlikuwa na ndama wa ukubwa wa paka mkubwa, yaani wa miezi mitano hivi. Tena alikuwa jike. Baba hakusema neno, na kwa siku tatu hakutoka jioni kwenda kuzungumza na wenzake. Fedha za Bihogo ndizo zilizolipa ada yangu. Kwa hiyo msomaji ajue tangu mwanzo kwamba sina utulivu wa mtu asiyehusika.

Mwaka jana alikuja chuoni kwetu mtafiti mgeni kutoa mhadhara wa wazi juu ya fiziolojia ya uzazi wa mifugo. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, na kwa mila za Wahima mtoto wa kike hata kukamua hakamui, lakini nilikwenda na kukaa safu ya tatu. Aliyemkaribisha mgeni alitumia karibu robo saa kumtambulisha. Alitaja idadi ya makala zake, akataja zimerejelewa mara ngapi, yaani watafiti wengine wamezitaja mara ngapi katika makala zao, kisha akataja fahirisi yake ya h. Kila namba ilipotajwa ukumbi ulipiga makofi, kama vile kwenye sherehe ya mahari msemaji anapotangaza idadi ya ng'ombe walioletwa. Katika robo saa hiyo hakutaja hata jambo moja ambalo mgeni wetu amelijua kuhusu ng'ombe.

Mhadhara wenyewe ulikuwa mzuri, sina budi kusema kweli. Alieleza kwamba mzunguko wa ng'ombe ni wa siku 21 hivi, na kwamba yai hupevuka baada ya dalili za kutaka dume kwisha, si wakati zinapoanza. Alieleza kwa nini ng'ombe aliyezaa akikosa malisho ya kutosha, huku ndama akimnyonya kutwa, anaweza kukaa miezi mingi bila kutaka dume ilhali hana ugonjwa wowote. Kisha akasema, kama mtu anayepita tu, kwamba wako ng'ombe wachache wenye mimba ambao huonyesha dalili za kutaka dume, na kwa sababu hiyo dalili peke yake si ushahidi kwamba mimba haikushika. Ni lazima ng'ombe apimwe. Akaongeza kwamba kumpandikiza mbegu ng'ombe wa namna hiyo kunaweza kuiharibu mimba. Nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

Wakati wa maswali nilisimama nikamwuliza jambo hilo limejulikana tangu lini. Akajibu kwamba limejulikana zamani, kabla yeye mwenyewe hajaanza shule. Nikamwuliza limeandikwa wapi ambapo mfugaji anaweza kulisoma au kusomewa. Akacheka, wala si kwa dharau. Akasema, "Binti, kijitabu cha wafugaji hakina pointi. Nikiandika makala napanda cheo. Nikiandika kijitabu nimepoteza likizo yangu." Ukumbi ukacheka pamoja naye, na wahadhiri ndio waliocheka zaidi, kwa kuwa walijua anasema kweli.

Simlaumu yule mgeni. Alikuwa mtu mwungwana kuliko wengi, na nitamrudia. Ninaowalaumu ni wale waliotengeneza mizani na wale wanaoendelea kuitumia huku wakijua ina hitilafu. Rekodi ya machapisho na marejeleo haipimi kazi ya mtafiti wa uzazi wa mifugo. Inapima watafiti wanavyosikilizana wao kwa wao. Na chuo kinachopandisha watu vyeo kwa rekodi hiyo peke yake kinamlipa mtafiti ili asizungumze na mfugaji.

Mizani hii haikuanza kama mizani. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza orodha ya kuonyesha makala gani imetajwa na makala gani nyingine, na mwaka 1964 orodha hiyo ilianza kuchapishwa. Nia ilikuwa kumsaidia mtafiti kutafuta: ukisoma jambo la zamani, uweze kuona nani amelijadili baadaye, nani amelikosoa, nani amelithibitisha. Ilikuwa kama kufuata nyayo. Wenye vyuo ndio waliogeuza nyayo kuwa mashindano. Kisha mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akaleta fahirisi ya h. Hesabu yake ni nyepesi: mtafiti mwenye makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20 ana h ya 20. Kwa wepesi huo huo, mtu aliyeandika makala moja tu iliyobadilisha dunia ana h ya 1, na atabaki na 1 hata akirejelewa mara milioni. Hirsch mwenyewe baadaye aliandika kwamba fahirisi yake inaweza kuleta madhara ambayo hakuyakusudia. Nadhani wakubwa wa vyuo vyetu hawajaisoma makala hiyo, ingawa kama wangeisoma wangeirejelea.

Lakini niutazame uwanja wenyewe wa uzazi wa mifugo, maana huko ndiko upotofu wa hesabu hizi unakoonekana wazi kuliko mahali pengine.

Mwaka 1949 watafiti watatu wa London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walichapisha makala fupi sana katika jarida la Nature. Walikuwa wameona kwamba mbegu za kiume za jogoo zikichanganywa na glisero zinaweza kugandishwa kisha zikarudi kuwa hai. Polge mwenyewe amesimulia kwamba chanzo kilikuwa chupa iliyobandikwa lebo isiyo yake: walidhani wanatumia sukari, kumbe mlikuwa na glisero. Miaka michache baadaye ndama walikuwa wanazaliwa kwa mbegu za fahali zilizogandishwa. Leo kila mtungi wa nitrojeni wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, uwe wa Entebbe, wa Kabete au wa Usa River, unasimama juu ya kurasa zile chache. Mtungi uliokuja kwetu kwa pikipiki ulisimama juu yake pia. Je, yule mtaalamu alipomaliza kumhudumia Bihogo alimrejelea Polge? Hakumrejelea, na hakuna mashine ya kuhesabu iliyosajili kwamba siku hiyo, katika kijiji kisichofikiwa na lami, makala ya 1949 ilitumika kwa mara nyingine. Matumizi yaliyoenea kuliko yote ni yale yasiyohesabiwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa kanuni ambayo wahimilishaji wote wanaijua: ng'ombe akionekana anataka dume asubuhi, apandikizwe jioni, akionekana jioni, apandikizwe kesho yake asubuhi. Kanuni hiyo ina mizizi katika kazi za watafiti wa Nebraska za miaka ya 1940. Wafugaji wasiohesabika wameifuata bila kusikia hata jina la Nebraska. Maarifa yakishakomaa huacha kurejelewa. Nani leo anaandika rejeleo anaposema kwamba ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku chache?

Na je, namba zinapohesabiwa, zinamhesabia nani? Wengi mnamkumbuka kondoo Dolly, aliyezaliwa mwaka 1996 katika taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh. Makala iliyomtangaza mwaka 1997 ina majina matano, na la kwanza ni la Ian Wilmut, ambaye ujana wake wa utafiti aliutumia katika kugandisha mbegu za nguruwe, akiwa mwanafunzi wa Polge huyo huyo. Dunia nzima ilimjua Wilmut. Mwaka 2006, mbele ya baraza la mashauri ya kazi huko Scotland, Wilmut alikiri kwamba asilimia 66 ya sifa zilistahili kwenda kwa Keith Campbell, ambaye jina lake ni la mwisho katika orodha. Na mikono iliyoshika sindano chini ya hadubini, ikitoa kiini cha yai na kuweka kingine, ilikuwa ya mafundi wa maabara, Bill Ritchie na Karen Mycock. Wao hawamo hata katika yale majina matano. Wamo katika shukrani, pale mwishoni, na shukrani hazina fahirisi. Siwasimangi watu wa Roslin, ambao kazi yao ilikuwa ya kweli na kubwa. Naonyesha tu kwamba hata palipo na ukweli, namba hazisemi nani alifanya nini.

Pasipo na ukweli ni balaa. Hwang Woo-suk wa Korea Kusini alikuwa daktari wa mifugo, na fani yake ilikuwa hii hii ya uzazi wa ng'ombe. Mwaka 1999 alitangaza kwamba amezalisha ng'ombe kwa njia ileile ya Dolly, lakini hakuchapisha ushahidi wowote wa kisayansi. Alishangiliwa hivyo hivyo. Mwaka 2004 na 2005 alichapisha katika jarida la Science makala mbili juu ya seli za binadamu. Nchi yake ikamfanya shujaa, hata ikatoa stempu ya posta kuadhimisha kazi yake. Januari 2006 makala zote mbili zilifutwa, kwa kuwa data zilikuwa za kubuni. Lakini makala iliyofutwa huendelea kutajwa: wengine huitaja bila kujua imefutwa, wengine huitaja ili kuilaani. Kwa mashine ya kuhesabu yote ni marejeleo. Anayesema "fulani amesema kweli" na anayesema "fulani ni mwongo" wanamwongezea fulani huyo namba ile ile moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wa leo anasifiwa hata na wanaotapika tembo lake.

Mtaniambia hayo ni ya Ulaya na Asia. Basi turudi hapa kwetu, ambako madhara ni ya kimya zaidi.

Mtafiti kijana wa Mbarara ana uchaguzi. Anaweza kuchunguza kwa nini ng'ombe wa Ankole anayechungwa kwenye nyasi kavu, ndama ubavuni, anachelewa kutaka dume baada ya kuzaa. Watakaomrejelea ni wachache, kwa sababu wanaomchunguza ng'ombe huyo duniani ni wachache. Au anaweza kushika swali dogo kuhusu homoni za Friesian wa zizini, ambaye watafiti wake wamejaa Marekani na Ulaya, akaongeza jina lake kwenye makala ya kundi kubwa, akarejelewa. Ng'ombe wa kwetu atampa kijana huyo h ndogo, na h ndogo itamnyima cheo. Hakuna aliyemkataza kumchunguza ng'ombe wa baba yangu. Hesabu tu ndiyo iliyomkataza. Waliokutana San Francisco mwaka 2012 walitoa azimio la kutaka watafiti wapimwe kwa maudhui ya kazi zao badala ya sifa za majarida. Mwaka 2015 yakaja maazimio ya Leiden, na mojawapo lilidai waziwazi kwamba utafiti wenye manufaa kwa watu wa mahali fulani ulindwe, pamoja na ule ulioandikwa kwa lugha zisizo Kiingereza. Kwa maneno mengine, huko mizani ilikotengenezwa wenyewe wameanza kuitilia shaka, na sisi huku ndio kwanza tunaing'arisha.

Nimebishana juu ya jambo hili na mhadhiri ninayemheshimu sana, na sitaficha kwamba alinibana. Alisema, "Binti yangu, hujui tulikotoka. Zamani cheo kilikwenda kwa kabila, kwa dini, na kwa uliyekunywa naye Ijumaa. Namba hazina kabila. Ukiziondoa, wale jamaa watarudi." Nililala nikilifikiri neno lake. Ana haki ya kuogopa. Mtoto wa mtu asiyejulikana anaweza kuinua namba zake mbele ya kamati na kamati ikakosa la kusema, na hilo si jambo dogo katika nchi zetu. Lakini niliporudi kwake nilimwuliza kama wale jamaa wa Ijumaa wameondoka kweli, au wamejifunza hesabu. Si wao wanaoingizana majina katika makala ambazo hawakuzishika hata kalamu? Si wao wenye mchezo wa nirejelee nikurejelee? Hakunijibu, alinimiminia chai. Sidai namba zitupwe. Nadai kamati isome. Mtu anayeomba uprofesa alete kazi zake tatu, zisomwe na watu wanaoijua fani, na alete ukurasa mmoja unaoeleza ni nani nje ya chuo ametumia alichokijua, na kwa lugha gani alimfikia. Ni kazi ngumu kuliko kusoma namba kwenye skrini, ndiyo. Wanalipwa kwa kazi hiyo.

Sasa niwageukie wa nyumbani, walimu na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, na walimu wangu mniwie radhi.

Katika miaka mitatu nimesoma makala nyingi mno zenye hoja kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi na teknolojia. Nyingine ni nzuri sana. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, tulisherehekea, tukaandika nyingine. Nauliza kwa unyenyekevu: tumebeba sayansi ngapi? Tumeandika juu ya mgongo wa punda, nguvu za punda, historia ya punda, na punda bado yuko zizini bila mzigo. Sababu ni ile ile ya mgeni wetu. Makala kuhusu uwezo wa Kiswahili ina pointi, na ina mahali pa kuchapishwa. Kurasa kumi na mbili za Kiswahili zinazomweleza mfugaji kwamba ng'ombe mwenye mimba anaweza kuonekana anataka dume hazina pointi, wala hazina jarida. Sisi tunaolalamika kwamba wanasayansi wanaandikiana wenyewe kwa wenyewe, tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe kwamba wasifanye hivyo.

Nasema kurasa kumi na mbili kwa sababu nimeziandika. Nilipofika wakati wa kupendekeza mada ya utafiti wa shahada, nilipendekeza kuandaa istilahi na mwongozo mfupi wa uzazi wa ng'ombe kwa Kiswahili cha wafugaji wa mpakani. Jopo lilikataa. "Huu si utafiti," nikaambiwa, "ni tafsiri." Mwalimu mmoja alikuwa tayari kunisimamia, lakini aliniambia kwa uwazi kwamba asingeweza kuiandika kazi hiyo popote katika wasifu wake, naye ana maombi ya cheo mezani. Nikaandika juu ya methali katika hotuba za wanasiasa, nikapata alama nzuri, na sidhani kama kuna mtu atakayeifungua tasnifu ile tena, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwongozo niliuandika likizo. Na nataka mjue kilichotokea, ili tuulizane kama ni utafiti au si utafiti. Vitabu husema ng'ombe yuko "kwenye joto", nami nikaandika hivyo. Nilivuka daraja la Kikagati nikaenda Murongo, upande wa Tanzania, nikawasomea wachungaji na wanunuzi wa ng'ombe ukurasa wa kwanza. Mzee mmoja akaniuliza, "Joto hilo mnalitibu kwa sindano gani?" Kwake ng'ombe mwenye joto ana homa. Wenzake wakakubaliana naye, na kijana mmoja akataja na jina la dawa. Fikirini: mfugaji anaambiwa ng'ombe wake ana joto, naye, badala ya kumwita mhimilishaji, anamchoma dawa ya homa, na siku ya kupandikiza inapita. Kosa hilo halikuwa la mfugaji. Lilikuwa la neno langu. Nikafuta "joto" kila mahali, nikaandika "anataka dume", wakaelewa wote. Nilijifunza katika alasiri ile jambo ambalo sijaliona katika makala yoyote ya istilahi niliyowahi kusoma, na nililijua kwa sababu niliwasomea watu wenye ng'ombe.

Baba aliponiona naandika aliniuliza kwa nini siandiki Kinyankole. Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali ya jopo. Nilimjibu kwamba Wanyambo wa ng'ambo ya Kagera tunaelewana nao bila tabu, lakini Msukuma anayechunga huko na mnunuzi anayetoka Mwanza hatuelewani nao, na mnadani Kiswahili ndicho kinachouza ng'ombe. Akasema, "Basi andika na Kinyankole pia." Nitaandika.

Yule mtafiti mgeni nilimtumia kurasa zangu kwa barua pepe, nikijua hatajibu. Alijibu baada ya siku mbili. Alikuwa amesahihisha mahali patatu. Pamoja na mengine, nilikuwa nimewashauri wafugaji wampime ng'ombe mapema mno, akaniandikia kwamba kwa daktari anayepima kwa mkono ni salama zaidi kungoja miezi miwili hadi mitatu. Mwishoni aliandika kwamba kazi hiyo hawezi kuiweka katika rekodi yake, ila nikipenda niweke jina lake. Nimeliweka, kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya neno shukrani.

Nakala arobaini ziko kwenye duka la dawa za mifugo karibu na daraja, kwa bei ya fotokopi. Zilikaa pale wiki nyingi bila mnunuzi, kwa kuwa minada ilikuwa imefungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nimeambiwa sasa zimebaki tisa.

Bihogo aliacha binti mmoja, na binti huyo alipandikizwa mbegu miezi mitatu iliyopita. Juzi mchungaji amemwona akipandwa na wenzake. Baba amenipigia simu usiku, hakunisalimia, akaniuliza ukurasa ni wa ngapi. Nikamwambia wa saba. Daktari wa mifugo atakuja kumpima Jumamosi.